Watu wa Nyumba Moja Walale Saa Ngapi? Mwongozo wa Usingizi kwa Familia za Mombasa

Mombasa asubuhi haijadiliwi. Adhana ya alfajiri hulia karibu na saa kumi na moja mwaka mzima, jua huchomoza karibu saa kumi na mbili, likichelewa sana ni saa kumi na mbili unusu. Basi la shule lina dakika zake, na anayevuka Likoni anajua feri haimngojei mtu. Usiku ndio unaochezewa. Usingizi wa nyumba nyingi hapa kwetu hupotea kati ya isha na saa tano, tena kidogo kidogo: mgeni kapitia barazani, tamthilia haijesha, wali umechelewa kuiva, simu imeshikwa "dakika mbili tu". Ndiyo maana hesabu ya mwongozo huu inaanzia mwisho. Tunashika saa ya kuamka, tunarudi nyuma hadi saa ya kulala, halafu tunaupanga usiku ulingane nayo.

Hatua ya kwanza: jua kila mtu anadai masaa mangapi

Viwango vinavyotumika sana vinatoka sehemu tatu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa watoto wa chini ya miaka 5 mwaka 2019. American Academy of Sleep Medicine ilitangaza viwango vya watoto na vijana mwaka 2016. National Sleep Foundation, ya Marekani pia, ilitoa vya watu wazima na wazee mwaka 2015. Vinakaribiana, na ukiviweka pamoja vinakuwa hivi kwa kila masaa 24:

- Mtoto mchanga hadi miezi 3: masaa 14 hadi 17
- Miezi 4 hadi 11: masaa 12 hadi 16
- Miaka 1 hadi 2: masaa 11 hadi 14
- Miaka 3 hadi 5: masaa 10 hadi 13
- Miaka 6 hadi 12: masaa 9 hadi 12
- Miaka 13 hadi 18: masaa 8 hadi 10
- Mtu mzima hadi miaka 64: masaa 7 hadi 9
- Miaka 65 na zaidi: masaa 7 hadi 8

Kabla hujaanza kugombana na mtu, kumbuka kwamba kwa watoto wa hadi miaka 5 usingizi wa mchana umo ndani ya hesabu. Mtoto wa miaka miwili aliyelala masaa mawili baada ya chakula cha mchana na masaa 10 usiku ametimiza 12, basi usimlazimishe zaidi. Na kila kiwango kimeachiwa upana kwa sababu watu hawafanani. Ndugu wa tumbo moja, mmoja hutosheka na masaa 9, mwengine asipopata 11 hasemesheki. Utajua kwa kumtazama. Mtoto anayeamka mwenyewe au kwa kuitwa mara moja, asiyesinzia ndani ya tuktuk saa mbili ya asubuhi, asiye na kisirani kila magharibi, huyo analala vya kutosha. Anayeburutwa kitandani kila siku hajatosheka, hata karatasi ikisema ametosheka.

Tena mtoto mdogo aliyekosa usingizi si lazima asinzie. Wengi huruka, hupanda makochi, hulia kwa jambo dogo, na watu wazima husema "huyu bado hana usingizi". Alikuwa nao, ila umempita.

Na wewe mzazi unayesema masaa matano yanakutosha: wako watu wachache sana walioumbwa hivyo, na uwezekano wa kuwa mmoja wao ni mdogo. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2003 uliwalaza watu masaa sita au pungufu kwa wiki mbili mfululizo. Umakini wao ulishuka hadi ukafanana na wa mtu aliyekesha usiku mmoja au hata miwili mizima, na wenyewe walikuwa hawajihisi vibaya kiasi hicho. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa anayepima ndiye aliyechoka. Jipime kwa njia nyingine. Ukikaa kwenye matatu ya Bamburi na kabla ya Nyali kichwa kishaangukia dirishani, au ukilala mpaka saa nne kila siku ya mapumziko, una deni.

Hatua ya pili: andika saa ya kuamka, kisha rudi nyuma

Chukua karatasi. Andika jina la kila mtu wa nyumbani na saa anayolazimika kuamka, si ile anayotamani. Halafu toa masaa yake.

Tuchukue nyumba moja ya Kisauni, ya mfano tu. Mama hukaanga mahamri ya kuuza, kwa hivyo huamka saa kumi alfajiri. Binti wa miaka 8 yuko gredi ya tatu, basi lake hupita saa kumi na mbili na robo, na huamshwa saa kumi na moja unusu. Kaka yake wa miaka 15 huamka wakati huohuo. Kuna bibi wa miaka 70, na kuna mtoto wa miezi minane.

Binti akiamka saa kumi na moja unusu na anahitaji angalau masaa 9, lazima awe amelala saa mbili unusu usiku. Akihitaji 10, ni saa moja unusu. Tuseme saa mbili. Kuingia kitandani si kulala, kwa hivyo mwongezee dakika kumi na tano au ishirini: mbili kasorobo awe ameshapiga mswaki na yuko kitandani. Kaka yake, kwa masaa 8 ya chini kabisa, awe amelala saa tatu unusu. Mama kwa masaa 7 alale saa tatu kamili. Hapo ndipo utasikia kicheko, maana saa tatu mama bado anaosha sufuria.

Hesabu haimlaumu mtu, inaonyesha tu kazi iko wapi. Katika nyumba hii vyombo vioshwe na kijana wa miaka 15, na mama apate kailula ya nusu saa baada ya adhuhuri, mahamri yakishauzwa. Usingizi wa mchana haulipi deni lote la usiku lakini unapunguza riba.

Nikiambiwa nichague jambo moja tu la kubadilisha katika nyumba ya Mombasa yenye watoto wa shule, sitagusa simu wala TV. Nitasogeza chakula cha usiku. Magharibi huingia karibu saa kumi na mbili unusu, isha karibu saa moja unusu. Chakula kikiliwa kati ya sala hizo mbili, kila kitu kingine kinapata nafasi yake. Kikiliwa saa tatu, mtoto wa miaka 8 hawezi kulala saa mbili hata mkiapa, na tumbo lililojaa pilau halilali mara moja. Wasioswali nao saa ni zilezile: saa moja sahani ziwe mezani au mkekani.

Hatua ya tatu: sogeza polepole, na ushike asubuhi

Mtoto aliyezoea saa nne hatalala saa mbili kesho. Atakodoa macho gizani, atadai maji mara tatu, na wewe utasema mwongozo haufai. Sogeza dakika kumi na tano tu, kaa nazo usiku wawili au watatu, kisha sogeza tena. Ndani ya wiki mbili au tatu utakuwa umepata saa nzima au zaidi.

Wakati huo saa ya kuamka isibadilike, hata Jumapili, hata likizo, labda kwa saa moja hivi. Mwili una saa yake ya ndani, na elimu ya jinsi inavyofanya kazi ndani ya chembe za mwili iliwapatia Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017. Saa hiyo hurekebishwa kila siku na mwanga, hasa wa asubuhi. Hapa kwetu jua ni la bure. Mtoe mtoto nje mapema, hata kwa kumtuma mkate dukani, na usiku wake utaanza mapema zaidi.

Mpangilio wa kulala uwe uleule kila siku: kuoga, mswaki, choo, hadithi, taa. Kwa watoto wadogo hadithi ndiyo kazi. Bibi akisema "paukwa" na mtoto akajibu "pakawa" kila usiku mahali palepale na saa ileile, baada ya muda mwili wa mtoto huanza kulegea kabla hadithi haijafika katikati.

Hatua ya nne: chumba, na hasa joto

Miongozo mingi ya usingizi imeandikwa na watu wa nchi za baridi, wanaohofia mtoto kufunuka blanketi. Shida yetu ni nyingine. Ili mtu apatwe na usingizi, joto la ndani ya mwili hushuka kidogo, na mwili hulitoa kupitia ngozi, hasa mikononi na miguuni. Usiku wa Februari na Machi, upepo wa kaskazi ukififia na unyevu umejaa hewani, joto hilo halina pa kwenda. Ndiyo maana watu hujigeuzageuza hadi saa saba bila kupata hata lepe la usingizi, halafu wakadhani wamerogwa au wana mawazo.

Anza na godoro. Kama bado lina nailoni ya dukani, litoe leo. Najua limewekwa ili lisichafuke, lakini nailoni hushika jasho mgongoni usiku kucha. Tandika shuka la pamba, na mtoto ajifunike leso tu. Godoro jembamba au mkeka sakafuni huwa na afueni kwa sababu hewa ya moto hupanda juu, ila chandarua kifike chini na kuchomekwa vizuri.

Madirisha ya pande mbili yafunguliwe jioni, hewa ya bahari ipite. Wanaokaa orofa ya juu kabisa chini ya zege wanajua kwamba dari hunywa jua mchana kutwa na kulitapika usiku. Kwao chumba cha watoto kiwe kile kisichopigwa na jua la alasiri, hata kama ni kidogo. Nyumba za Mji wa Kale zenye kuta nene za mawe zina nafuu hapa, mradi madirisha yasizibwe na makabati.

Pangaboi au feni ielekezwe ipite juu ya kitanda na ndani ya chandarua, kwani neti hupunguza upepo kuliko watu wanavyodhani. Sauti yake inayonguruma pia husaidia kufunika kelele za bodaboda na taarabu ya harusi ya mtaa wa pili. Kulowesha shuka na kulitundika dirishani hufaa sehemu kavu. Mombasa hewa tayari imejaa maji, utaongeza unyevu tu. Kuoga ndiko bora, kwa maji ya vuguvugu badala ya baridi kali, saa moja au mbili kabla ya kulala: damu hupanda kwenye ngozi na joto hutoka.

Chandarua kilichotiwa dawa si cha hiari Pwani. Mbu wa malaria huuma usiku, na mtu mwenye homa halali. Dawa ya mbu ya kuchoma isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa anapolala mtoto, kwani moshi wake huumiza mapafu. Mwanga wa taa za mulika mwizi ukiingia dirishani, usifunge pazia zito ukaua upepo. Tundika leso nyeusi upande unaotoka mwanga tu.

Hatua ya tano: kahawa, muguka na simu

Kahawa chungu ya barazani baada ya isha ni jambo zuri, na mimi si wa kuwatoa wazee kwenye dele lao. Lakini ielewe hesabu yake. Kwa mtu mzima wa kawaida kafeini huchukua takriban masaa matano kupungua nusu. Kilichonywewa saa mbili usiku, nusu yake bado inazunguka mwilini saa saba. Wako wanaosema wao hulala vilevile. Hulala kweli, ila usingizi mzito hupungua na asubuhi huamka wamechoka, kisha huhitaji kahawa nyingine. Kikombe cha mwisho kiwe cha alasiri. Chai ya rangi nayo ina kafeini, kwa hivyo mtoto asipewe chai na mkate kama chakula cha usiku. Maziwa au uji unatosha. Soda nyeusi na vinywaji vya kuongeza nguvu vimo kwenye kundi hilohilo.

Miraa na muguka ni zaidi ya kahawa, kwa kuwa kichangamshi chake hufukuza usingizi kwa makusudi. Dereva au soja anayetafuna ili asilale hajapunguza deni la usingizi hata dakika moja. Amelificha tu.

Simu iwekwe nje ya chumba cha kulala, ichajiwe sebuleni, na sheria hii iwahusu wazazi pia. Mwanga wake hudanganya saa ya mwili, na yaliyomo ndani yake hudanganya zaidi.

Mtoto mchanga

Hapa usitafute ratiba. Mtoto wa wiki tatu hajui usiku ni nini. Saa yake ya ndani huanza kujipanga taratibu katika miezi mitatu ya kwanza. Msaidie kwa kumweka mchana mahali penye mwanga na sauti za nyumba, na usiku umnyonyeshe kwenye giza, bila maongezi wala kucheza naye. Takriban nusu ya usingizi wake ni ule wa ndoto, ndiyo maana hukunja uso, hutabasamu, hurusha mikono na kuguna huku amelala. Ngoja kidogo kabla ya kumnyanyua, huenda hajaamka.

Alazwe chali kila mara, usiku na mchana, mpaka atimize mwaka, juu ya godoro gumu lisilobonyea. Najua mabibi wetu huweka vimito vya kutengeneza kichwa kiwe cha duara. Viondoeni anapolala, pamoja na blanketi zito na vitu vya kuchezea. Hivyo vinaweza kumziba pumzi, na katika joto hili blanketi humchemsha. Alale chumba kimoja na mama, mahali pake mwenyewe. Na mama asinyonyeshe akiwa amejilaza kochini huku anasinzia, kwani kochi ni hatari kuliko kitanda.

Siku arubaini zetu zina faida ambayo siku hizi inapotea. Mama alikuwa hashughuliki na jiko wala wageni, kazi yake ilikuwa kunyonyesha na kulala. Kama kuna mama au shangazi aliyekuja kukukanda, mwachie mtoto akishashiba, nawe ulale mtoto anapolala. Wageni wa kumwona mtoto waje alasiri, waondoke kabla ya magharibi.

Wa chekechea, na yule wa madrasa

Kati ya miaka 3 na 5 usingizi wa mchana huanza kuachwa, wengine mapema, wengine wakichelewa. Anayerudi shule adhuhuri alale mara baada ya chakula. Usimwache asinzie saa kumi na moja jioni, kwani hapo utalipa usiku. Mtoto mkubwa anayetoka shule, aende madrasa, arudi magharibi, kisha afanye kazi ya shule, siku yake imejaa kuliko ya baba yake. Kaa na mwalimu wa chuo na uone kama madrasa ya Jumamosi na Jumapili inatosha kwa muhula wenye mitihani. Kazi ya shule ikigonga saa ya kulala, mimi ningemlaza mtoto na kumwandikia mwalimu barua.

Na ile desturi ya kumpa mtoto dawa ya mafua ili alale safarini au usiku wa harusi, iacheni. Dawa hizo ni hatari kwa wadogo, na usingizi wake si usingizi wa kupumzika.

Kijana

Huyu ndiye anayesemwa vibaya kuliko wote, na mara nyingi kwa kuonewa. Mtoto akibaleghe saa ya mwili wake husogea mbele, na homoni ya usingizi huchelewa kutoka kuliko zamani, kwa saa moja hadi mbili. Kijana wa miaka 15 asiyepata usingizi saa tatu hana ukaidi. Mwili wake bado unadhani ni magharibi. Lakini shule inamtaka alfajiri, na hapo katikati hukatwa yeye.

Huwezi kuipinga baleghe, lakini unaweza kupata dakika. Sare ipigwe pasi jioni, begi lipangwe, viatu viwe mlangoni, ili aamke dakika ishirini baadaye. Baada ya saa mbili unusu taa za nyumba zipunguzwe. Asubuhi apate jua. Mwisho wa wiki yeye aruhusiwe kulala zaidi kuliko wadogo zake, lakini asizidishe masaa mawili, la sivyo Jumapili usiku atakuwa macho hadi saa saba na Jumatatu ataharibikiwa. Anayeamka kuswali alfajiri Jumamosi anaweza kurudi kulala. Usingizi wa vipande viwili nao unahesabiwa.

Kwa wa bweni, Kanuni za Elimu ya Msingi za Kenya za 2015 zimetenga saa tatu unusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kuwa wakati wa kulala, yaani masaa 8 na nusu. Masomo ya shule za kutwa yamepangiwa saa mbili asubuhi hadi saa tisa unusu alasiri. Siku ya kutembelea wanafunzi muulize mwanao huamshwa saa ngapi hasa, halafu uende nalo jibu kwenye mkutano wa wazazi.

Wazee

Mzee hulala mapema, huamka mapema, na usingizi wake ni mwepesi. Hilo ni la kawaida. Mahitaji yake hayajashuka sana: masaa 7 bado anayadai. Akisinzia barazani kutwa nzima, usiku ataulipia, kwa hivyo kailula iwe moja, fupi, kabla ya alasiri. Akiamka kukojoa mara nyingi na anakunywa dawa za presha, muulizeni daktari kuhusu saa ya kuzinywa. Msibadilishe wenyewe.

Ramadhani

Mwezi mzima ratiba hupinduka, na tatizo si daku bali yale masaa kati ya tarawehe na daku. Tarawehe ikimalizika karibu saa tatu, ukilala saa nne ukaamka saa kumi una masaa sita. Ongeza saa moja baada ya alfajiri kama kazi inaruhusu, na kailula ya nusu saa, umefika. Ukizurura hadi saa saba kwa viazi karai na soga, hakuna kailula itakayokuokoa. Watoto wadogo wasiofunga hawana sababu ya kuamshwa daku kila usiku. Waamshwe siku moja moja waifurahie.

Wa zamu ya usiku

Wa bandarini, wa hoteli, manesi na masoja: mkitoka kazini vaeni miwani ya jua njiani, mle kidogo, mlale moja kwa moja kabla ya shughuli za nyumba kuwanasa. Chumba kiwe giza. Nyumba nzima ijue kwamba saa tatu ya asubuhi kwenu ni usiku, mlango usigongwe kwa sababu ya mwenye kuuza samaki. Kabla ya zamu lala tena kidogo. Katikati ya kazi, usingizi wa dakika ishirini huchangamsha. Ukipita nusu saa utaamka mzito.

Kwa madereva nasema waziwazi. Utafiti wa Dawson na Reid wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba aliyekaa macho masaa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Aliyeamka saa kumi na moja alfajiri akaondoka Mombasa kwa lori saa nne usiku amefika hapo kabla ya kufika Mariakani. Kufungua dirisha na kuongeza muziki si dawa. Egesha mahali salama ulale.

Lini uende hospitali

Kukoroma peke yake si ugonjwa. Kukoroma huku pumzi inakatika, mtu akanyamaza kabisa kisha akashtuka akihema, ni ugonjwa unaotibika, na huambatana na presha na usingizi wa mchana usioisha. Mtoto anayekoroma karibu kila usiku huku kinywa wazi huenda ana mafindofindo au nyama za nyuma ya pua, na mara nyingi ndiye anayeitwa mtundu darasani. Anza na kituo cha afya cha karibu, na wakiona haja watakupeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo Hospitali ya Rufaa ya Pwani.

Mtu mzima akikosa usingizi angalau siku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, aende. Asijinunulie vidonge vya usingizi dukani. Miguu inayowasha na kutaka kusogezwa kila unapojilaza yaweza kuwa upungufu wa madini ya chuma, hasa kwa mjamzito. Kuweweseka, na jinamizi la mara moja moja, halihitaji daktari. Mama aliyejifungua asiyepata usingizi hata mtoto akiwa amelala, na roho ikawa nzito, apelekwe haraka. Huo si uvivu wala jicho la mtu.

Kabla ya kwenda, andika kwa wiki mbili saa ya kulala, saa ya kuamka, usingizi wa mchana, kahawa na dawa anazokunywa. Na yule anayelala karibu na mkoromaji arekodi dakika chache kwa simu, aipeleke ili daktari asikie mwenyewe.